Zana ya chuma isiyo na jina la kiwanda: isome kwanza, ndipo uisafishe

Maswali huwa ni yale yale. Mtu amepekua sanduku la vyuma kuukuu, akatoka na kitu kizito kilichopindwa kwa makusudi. Hakina jina la kiwanda, ila kina herufi mbili tatu zilizogongwa kwa mkono, moja imelala upande. Anauliza: hiki ni nini? Nikitoe kutu kwa kitu gani? Nikikitumia hakitanirukia usoni?

Mwongozo huu ni wa zana za mkono za kazi ya chuma ambazo fundi alijitengenezea mwenyewe: tindo, panchi, vikwangulio, kalipa za kupimia, klempu za kubania, nyundo ndogo, spana zilizopindwa na makorokoro mengine yasiyo na jina. Nyingi zilitengenezwa na wanafunzi wa ufundi kama zoezi la kujifunza kupiga tupa na kutoboa, ndiyo maana klempu ndogo na vishikio vya tepu (kifaa cha kukatia meno ya skrubu ndani ya tundu) vimejaa kila mahali. Nyingine zilitengenezwa na fundi mzoefu aliyekutana na nati moja isiyofikika, akapasha spana moto akaipinda mpaka ikafika.

Shika hili kabla ya yote: umbo la zana ya namna hii ni jibu la kazi moja. Ukikimbilia grainda kabla hujaijua kazi hiyo, unafuta jibu na kubaki na kipande cha chuma kinachong'aa.

Vitu vya kuwa navyo

Huhitaji karakana kubwa. Tafuta miwani ya kazi, glavu, sumaku ndogo, tupa nzuri yenye makali (hii ni ya kupimia, si ya kazi tu), brashi ya waya wa shaba, mafuta ya taa, chaki, mafuta mepesi ya mashine na matambara. Kwa kutu, chagua kimoja: siki, asidi ya sitriki ya unga, au magadi soda pamoja na chaja ya betri ya volti 12. Jiriwa, yaani kibanio cha mezani, ni muhimu, na meno yake yavishwe vipande vya shaba au alumini yasiache alama. Simu yenye kamera itakufaa kuliko unavyodhani.

Kama utafika kwenye hatua ya kupasha moto, ongeza tochi ya gesi, kopo la chuma lenye mafuta ya kupikia na mfuniko wake, na koleo refu.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta sumu na nyufa kabla ya kuona uzuri.

Kagua mpini na sehemu zilizofungwa. Zana za kushika vitu vya moto, kama vijiko vya kuyeyushia risasi na pasi za zamani za kulehemu, wakati mwingine zimezungushiwa kamba au kitambaa cheupe au cha kijivu chenye nyuzinyuzi. Hiyo inaweza kuwa asbesto. Usiibandue, usiipige brashi. Irudishe ulikoitoa, au ifunge kwenye plastiki na uiache.

Rangi ya zamani ichukulie kuwa ina risasi: usiipige msasa mkavu. Chuma laini cha kijivu kinachokwaruzika kwa ukucha ni risasi yenyewe. Mafundi waliitumia kutengenezea nyundo zisizoacha alama na vifuniko vya meno ya jiriwa. Inatumika bado, ila nawa mikono na usile karibu nayo. Mpini uliotengenezwa kwa bomba lililopakwa zinki, au bolti yenye rangi ya dhahabu iliyofifia, usiupashe moto kabisa. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Kadimiamu, ambayo nayo ilipakwa kwenye bolti nyingi za zamani, ni mbaya zaidi.

Kisha nyufa. Kama zana ni ya kipande kimoja, itundike kwa uzi na uigonge kwa kipande cha mbao. Mlio safi unaodumu ni dalili njema. Mlio mfu ni sababu ya kutazama tena. Kipimo cha uhakika zaidi ni hiki: paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi hivi, futa mpaka pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hutoka nje na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Zana ya kugongwa au ya kugongea ikionyesha mstari huo, safari yake ya kazi imeisha. Itundike ukutani.

2. Piga picha na usome alama kabla ya kugusa brashi.

Piga pande zote, hasa kwa mwanga wa upande, maana mwanga wa mbele huficha michoro midogo. Unatafuta mambo haya:

Mistari myembamba iliyochorwa na vidoti vya panchi karibu na matundu na kingo. Hiyo ni ramani aliyoichora fundi kabla ya kukata, na kiwandani huwa haibaki. Mikwaruzo ya tupa inayokatana. Matundu ambayo hayako katikati sawasawa. Skrubu mbili za aina mbili kwenye zana moja.

Meno ya tupa yaliyosagwa nusu. Hii ni dalili nzuri kuliko zote, maana inakuambia zana ilitengenezwa kutokana na tupa kuukuu, na tupa ni feleji yenye kaboni nyingi, kwa kawaida asilimia 1 au zaidi kidogo. Tayari umeshajua chuma chako ni cha aina gani bila kupima chochote.

Herufi zilizogongwa kwa kawaida ni za mwenye zana. Ukiona seti moja imefutwa kwa mstari wa tindo na nyingine imegongwa pembeni, zana imepita mikononi mwa watu wawili. Mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza; mishale miwili iliyokutanishwa ncha kwa ncha maana yake ilitolewa kazini na kuuzwa. Alama hizi ni za kufurahisha lakini hazifanyi zana kuwa bora. Nimeona watu wakiacha panchi nzuri na kuchukua mbovu kwa sababu ya mshale.

3. Soma uchakavu, ukisie kazi.

Usiulize inafanana na nini. Uliza: imelika wapi? Mahali palipong'aa na pakavu, ndipo chuma kilipokutana na kazi. Mahali palipong'aa na peusi, ndipo mkono ulipokaa. Weka vidole vyako juu ya weusi huo na zana yenyewe itageukia upande wake sahihi.

Mifano michache ambayo hukutana nayo sana:

Fimbo ya chuma yenye kishimo cha mviringo kilichong'aa kwenye ncha, na pengine tundu refu pembeni yake, ni ya kufungia riveti: tundu hukaza mabati yashikane, kishimo hutengeneza kichwa cha duara.

Nyundo yenye uso uliovimba kidogo na kung'arishwa kama kioo ni ya kulainisha bati. Kila mkwaruzo ulio usoni pake utahamia kwenye bati. Ukiikuta imeng'aa hivyo, usiigongeshee msumari hata mmoja.

Mpini wa umbo la T wenye waya mnene uliojisokota mwishoni ni wa kuchomolea kamba za kuzibia maji au mvuke kwenye pampu na vali. Angalia vizuri mabaki kwenye msokoto, kwa sababu kamba za zamani za kazi hiyo nazo zilikuwa na asbesto.

Spana iliyosagwa nyembamba isivyo kawaida, au iliyopindwa mara mbili, ilitengenezewa nati moja ya mashine moja. Itumie kwa nguvu ndogo. Ilipopashwa ili ipindwe, ugumu wake wa kiwandani ulipotea.

Kipande chenye pembe tatu na makali matatu, kimechongwa mifereji katikati ya nyuso zake, ni kikwangulio cha pembe tatu, karibu kila mara kimetokana na tupa ya pembe tatu. Hutumika kuondoa kingo kali kwenye matundu na kukwangua bushi za shaba. Ni cha hatari kuliko kinavyoonekana: kina makali pande zote tatu na ncha mbele. Kivishe kipande cha mpira wakati wote ambapo hukitumii.

4. Fungua, lakini usilazimishe.

Kalipa, klempu na vishikio vya tepu vina skrubu na pini. Kabla ya kukaza bisibisi, hakikisha ulimi wake umejaa mfereji wa skrubu. Fundi wa zamani alichonga bisibisi yake ilingane na skrubu, na wewe fanya hivyo.

Kitu kisipotenganika kabisa, shuku pini iliyofichwa. Fundi mzuri alikuwa akiingiza pini, akaipiga tupa mpaka ikalingana na uso, isionekane tena. Paka mafuta ya taa, futa, tazama kwa mwanga wa upande: kiduara chembamba kitajitokeza mafuta yanapochungulia. Pini nyingi za namna hii zina mchongoko kidogo, sehemu 1 kwa 48 kwa zile za inchi na 1 kwa 50 kwa zile za milimita. Pima kipenyo pande zote mbili na uigonge kutokea upande mwembamba. Ukigonga kutokea upande mnene unaikaza.

Onyo kuhusu thredi, yaani meno ya skrubu. Zana za zamani zinaweza kuwa na thredi za Whitworth, za mfumo wa zamani wa Uingereza, zenye pembe ya digrii 55, wakati thredi za kisasa za milimita zina digrii 60. Skrubu ya robo inchi ya Whitworth ina kipenyo cha milimita 6.35 na thredi 20 kwa inchi, yaani hatua (umbali kutoka jino hadi jino) ya milimita 1.27. M6, skrubu ya kisasa ya milimita 6, ina hatua ya milimita 1. Ukiitia M6 kwenye tundu hilo itazunguka mara moja au mbili kana kwamba ni yake, kisha itakaba. Mtu mwenye haraka anaongeza nguvu na kuharibu tundu ambalo lilikuwa zima. Weka skrubu ya zamani mgongo kwa mgongo na unayoijua, zielekeze kwenye mwanga. Meno yakiingiliana bila mwanya mwanzo hadi mwisho, ni ndugu. Yakiachana baada ya meno manne matano, si ndugu.

5. Toa kutu kwa njia ya upole kuliko zote inayofanya kazi.

Anza na mafuta mepesi na brashi ya waya wa shaba. Mara nyingi inatosha, maana kutu nyingi ni ya juu tu. Ule weusi uliobaki chini yake uache. Unakilinda chuma, na hauna madhara kwa kazi.

Kama kutu imekomaa, tumbukiza kwenye siki, au kwenye maji yenye gramu 50 hivi za asidi ya sitriki kwa lita moja. Angalia kila baada ya saa moja au mbili na upige brashi. Usiache usiku kucha bila sababu: asidi ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, na kwanza inakula michoro na herufi ulizotaka kuzitunza. Springi na vitu vyembamba vilivyokomazwa (vilivyofanywa vigumu kwa moto) usivitie kwenye asidi kabisa, kwa sababu haidrojeni inayotoka huingia ndani ya chuma na kukifanya kivunjike ghafla siku nyingine.

Njia ya umeme haili chuma. Tia kijiko kimoja cha mezani cha magadi soda kwa kila lita 4 za maji kwenye chombo cha plastiki. Zana funga kwenye waya hasi wa chaja. Kipande cha chuma cha kawaida funga kwenye waya chanya. Visigusane. Mapovu yakianza, acha kwa saa kadhaa. Mambo matatu usiyakosee: kipande cha upande chanya kisiwe stenlesi, kwa sababu huzalisha kromu yenye sumu ndani ya maji, fanya kazi hii penye hewa, mbali na moto, kwa sababu gesi inayotoka huwaka, na zima umeme kabla ya kutia mkono. Zana yenye sehemu ya alumini, shaba au mpini wa mbao isiingie humo.

Ukimaliza, suuza kwa maji ya moto sana, futa, paka mafuta papo hapo. Chuma kilichotoka kwenye maji hupata wekundu wa kutu ndani ya dakika chache, mbele ya macho yako. Kilichotoka kwenye asidi kisuuze kwanza kwa maji yenye soda kidogo.

Ukitumia brashi ya waya ya mashine, vaa miwani na uvue glavu. Glavu ikinaswa na kitu kinachozunguka huvuta mkono mzima.

6. Pima ugumu kwa tupa.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, kwa sababu wanaamini kuwa chuma kizito ni chuma kigumu. Chukua tupa yenye makali, ipitishe polepole kwenye kona ya zana, mahali pasipoonekana. Ikiteleza na kutoa mlio wa kioo, chuma kimekomazwa. Ikiuma kwa shida, kina ugumu wa kati. Ikiuma na kutoa unga mara moja, ni laini.

Sasa linganisha na kazi. Ncha ya kikwangulio iteleze tupa. Ncha ya tindo iume kwa shida. Kichwa cha tindo au panchi, pale nyundo inapogonga, kiwe laini; hivyo ndivyo kinavyotakiwa. Ukikuta kichwa kinateleza tupa, mtengenezaji alikomaza kipande chote, na nyundo ikikutana na chuma kigumu namna hiyo vipande huruka kwa kasi ya kutoboa jicho. Zana hiyo usiigonge mpaka kichwa kilainishwe: kipashe moto mpaka kipite rangi ya buluu kiwe kijivu, huku ncha ikiwa imezamishwa kwenye maji isipoteze ugumu wake. Kwa sababu hiyo hiyo usigonganishe uso wa nyundo kwa uso wa nyundo.

7. Rekebisha kichwa kilichochanua, mpini na maungio.

Kichwa cha tindo kilichochanua pembeni kisage mpaka machanuo yote yaishe, na uache ukingo umeinama kidogo kuzunguka kote. Usitumie hata mara moja kabla ya kufanya hivyo, hata kama ni kazi ndogo.

Tupa au kikwangulio chenye mkia mtupu kivishe mpini. Ule mkia uliochongoka ukikwama mbele huja nyuma moja kwa moja kwenye kiganja.

Nyundo ya mkono yenye kichwa kinachocheza usiiloweke maji. Mbao huvimba, inakaza kwa siku mbili, kisha inasinyaa na kulegea zaidi ya mwanzo. Piga kabari mpya, au loweka sehemu ya juu kwenye mafuta ya kitani. Kama mpini ni bomba lililochomelewa, jaribu maungio hayo kwa kipimo cha chaki cha hatua ya 1.

Kalipa ikilegea, iweke riveti yake juu ya chuma bapa na uigonge kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, ukijaribu kila baada ya pigo. Ifunguke kwa mkono mmoja na ibaki pale ulipoiacha.

8. Rudisha makali, na kama lazima, ukomaze upya.

Tazama ncha. Ukiona rangi ya buluu au zambarau, kuna aliyeisaga kwa pupa ikapata moto na kulainika. Mara nyingi madhara yameingia milimita chache tu. Saga polepole mpaka upite rangi hiyo, ukizamisha kwenye maji kila sekunde chache. Shika karibu na ncha kwa vidole vitupu: vidole vikiona joto, chuma nacho kimeliona. Baada ya hapo pima tena kwa tupa. Mara nyingi kazi imekwisha na hakuna haja ya moto.

Kabla hujapasha, hakikisha ni feleji ya kaboni. Gusa jiwe la grainda kidogo mahali pa siri. Cheche nyingi nyeupe zinazopasuka na kutawanyika karibu na jiwe ni kaboni nyingi. Mistari mirefu yenye mipasuko michache ni chuma laini, ambacho hakitakomaa hata ukifanyeje. Cheche chache za rangi nyekundu iliyofifia zisizopasuka ni feleji ya kasi, ile ya visu vya mashine za kukatia chuma. Hukomazwa kwa joto linalokaribia nyuzijoto 1200 au kupita, na hilo si la tochi. Inoe tu, na usiizamishe majini ikiwa ya moto kwa sababu hupasuka.

Kwa feleji ya kaboni: pasha ncha tu, kiasi cha sentimita 2 au 3, kwenye kivuli ili uone rangi vizuri. Ikiwa nyekundu, gusisha sumaku. Ikiacha kushika, umefika nyuzijoto 770. Ongeza kidogo tu, kisha izamishe wima kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu. Ipandishe na kuishusha, usiiyumbishe kando, maana upande mmoja ukipoa kabla ya mwingine zana hupinda. Mafuta yanaweza kushika moto. Mfuniko uwe mkononi na usimwage maji juu yake.

Pima: tupa iteleze. Kwa sasa chuma hicho kinavunjika kirahisi, kwa hiyo usikiangushe wala kukiacha mpaka kesho. King'arishe kwa msasa, kisha pasha kutokea nyuma ya ncha, taratibu, utazame rangi zikitembea kuelekea mbele. Manjano iliyopauka, karibu nyuzijoto 225, ni ya vikwangulio. Manjano iliyokolea, 240, ni ya panchi. Zambarau, 280, ni ya tindo. Buluu, 300, ni ya springi. Rangi unayoitaka ikifika ncha, tia majini mara moja. Kwa kikwangulio unaweza kutumia oveni badala yake: nyuzijoto 200 kwa saa moja, nacho hutoka sawasawa kuliko kwa tochi.

Ncha ikiwa ni kipande cha rangi ya kijivu kilichobandikwa kwa shaba, hiyo ni kabaidi, kitu kigumu kuliko feleji. Jiwe la kawaida haliisagi. Inahitaji jiwe la almasi au la kijani, na vumbi lake lisivutwe puani.

9. Jaribu kwenye chakavu.

Kipande cha chuma laini cha kutupa, si kazi ya mteja. Vaa miwani, gonga kidogo, ongeza. Tindo ikijikunja ncha ni laini mno. Ikimeguka ni ngumu mno, irudishe kwenye moto mpaka rangi ya mbele zaidi, yaani ya joto kubwa zaidi.

Klempu ya mafundi, ile ya vipande viwili na skrubu mbili, ina namna yake. Skrubu ya kati huvuta, ya nyuma husukuma. Wengi hukaza ya kati peke yake, meno yanashika kwa ncha na kazi inateleza. Tumia ya kati kuweka meno yawe sambamba na kugusa kazi, kisha kaza kwa ya nyuma.

10. Paka mafuta na uhifadhi. Tambara lenye mafuta mepesi au nta linatosha. Usiziweke kwenye ngozi ya kufunika siku nyingi, kwa sababu ngozi huvuta unyevu.

Mambo yakikwama

Skrubu haifunguki. Changanya asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, dondoshea, subiri hadi kesho. Ikishindikana, futa yote pakauke kabisa (asetoni huwaka vibaya), pasha moto sehemu ya nje, kisha gusisha mshumaa kwenye thredi. Nta huyeyuka na kuvutwa ndani. Jaribu pia kuzungusha upande wa pili. Thredi za mkono wa kushoto zipo.

Tupa iliteleza mwanzo, kisha ikauma. Uso tu ndio mgumu: ama ulikomazwa juu kwa kaboni, ama ni gamba la moto, lile tabaka linaloachwa juu na joto. Futa gamba, pima tena. Kama ni ugumu wa juu tu, usisage zaidi ya unavyolazimika.

Nimezamisha, bado ni laini. Joto halikutosha, au mkono ulichelewa kati ya moto na mafuta, au si feleji ya kaboni. Rudia mara moja tu ukiwa na sumaku. Ikikataa, kubali ni chuma laini na uipe kazi ya chuma laini, kama kusukumia pini.

Imepasuka ilipozamishwa. Ilipata moto kupita kiasi, au ilikuwa na pembe kali ya ndani. Tupa iliyogeuzwa zana bila kusaga meno yote ina pembe kama hizo kila mahali. Kabla ya kuikomaza upya, lainisha meno yaliyo karibu na ncha.

Kutu imerudi baada ya siku moja. Asidi ilibaki kwenye viungo. Fungua tena, suuza kwa maji ya soda, kausha kwa joto, paka mafuta.

Bado sijui ni kitu gani. Basi usiibadilishe. Isafishe, ipake mafuta, iweke pale unapoiona kila siku ukiwa kazini. Siku utakapokuwa umeinama chini ya mashine, mkono mmoja umeshika nati na mwingine haufiki, jaribu hiyo kwanza.